Managu Mbele ya Nyumba

Siku tuliyohamia kwenye nyumba yetu katika mtaa wa Komarock, kabla hatujafungua hata katoni moja, mume wangu aliomba nyundo. Nilidhani kitanda kimelegea. Kumbe alikuwa na msumari mfukoni. Aliuweka kwenye ukuta wa sebule, akaupiga, akatundika saa. Tuliporudi nyuma na kuitazama, tukaona imekaa chini mno, kama imetundikwa kwa ajili ya watoto. Akaung'oa msumari, akapigilia mwingine juu zaidi, na tundu la kwanza likabaki.

"Tutaliziba na nini hilo?" nikamuuliza.

"Tulizibe tukimwogopa nani?" akasema.

Tulikaa juu ya magunia ya nguo tukacheka mpaka binti yetu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Tukashindwa kumweleza. Katika kila nyumba tuliyowahi kupanga, msumari ulikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alipitisha kidole ukutani akitafuta matundu, na sisi watu wazima tukawa tumesimama nyuma yake kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha.

Mimi nauza mapazia soko la Gikomba. Kwa miaka mingi nimekata vitambaa vya madirisha ya watu wengine, na kila mteja aliponiambia, "Haya ni ya nyumba yangu mwenyewe," nilisikia jinsi sauti yake ilivyotulia kwenye hilo neno la mwisho, nikampimia kwa wivu kidogo. Mume wangu ni fundi wa umeme, na kazi zake nyingi ziko Eastleigh, kwenye majengo ya maduka. Namna tulivyoipata nyumba ni habari ndefu ya kuchosha. Itoshe kusema kwamba tuliipata tukiwa tumeshaanza kuota mvi, na tukaipata kweli.

Nilizaliwa kwenye nyumba za reli, huku huku Eastlands, upande wa mashariki wa jiji. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, na nyumba ilikuja pamoja na kazi. Mama alikuwa ametoka Kakamega na mbegu za kunde zimefungwa kwenye pindo la leso, na nyuma ya jiko letu palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka. Hapo ndipo alipolimia utoto wetu wote. Baba alipostaafu, nyumba ikawa ya kurudishwa. Siku ya kuondoka lori lilikuwa limeshapakiwa, na mama alikuwa bado nyuma ya jiko anachuma kunde. Dereva akapiga honi. Baba akamwita. Mama akajibu bila kuinua kichwa, "Mnataka nimwachie nani?" Alipanda lori na kikapu mapajani, wakaelekea Magharibi. Mimi nilibaki mjini nikaanza maisha ya kupanga.

Nikiwa mpangaji nilijaribu kupanda dhania kwenye makopo, kwenye roshani ya ghorofa ya juu. Mlinzi wa nyumba akaja kuniambia maji yanadondokea nguo za wa chini. Nikayatoa makopo. Nilipohamia kwingine nikajaribu vitunguu vya majani kwenye karai bovu. Hivyo navyo vikakatazwa. Baada ya hapo niliacha, nikawa nanunua mboga za jioni kwa mama mboga kama kila mtu.

Kwa hiyo nilipoiona hii nyumba kwa mara ya kwanza, sikuangalia vyumba. Niliangalia nje. Nyuma palikuwa pembamba, pamejaa kivuli cha ghorofa la jirani, panatosha tangi la maji na kamba ya nguo. Mbele, kati ya geti na mlango, palikuwa na uwanja mzuri unaopata jua tangu asubuhi mpaka saa kumi. Na wote ulikuwa umefunikwa saruji. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na magari.

Tulipokuwa tumetulia, nikamwambia mume wangu ninachokitaka.

"Na pikapu yangu ya kazi nitaiweka wapi?" akauliza.

"Nje ya geti."

Alichukua ufunguo wa pikapu akatoka. Ni mtu wa maneno machache, na akinyamaza hujui kama amekubali au amekasirika. Jumamosi iliyofuata nilivaa gamubuti, nikachukua mtaimbo aliokuwa anautumia kwa kazi zake, nikaanza kuipiga saruji mimi mwenyewe. Yeye alikuwa amekaa mlangoni na chai yake. Nilipiga, mtaimbo ukaruka, saruji ikacheka. Nikapiga tena. Alivumilia kwa muda, halafu akaweka kikombe chini.

"Unaipiga katikati," akasema. "Saruji inaanziwa kwenye ufa. Lete."

Mpaka adhuhuri alikuwa amevua shati na kipande kikubwa kimeshafunuka. Akapumzika akiegemea ukuta na kusema, "Nibakishie nusu." Nikambakishia nusu. Jioni akajaribu kuingiza pikapu, mkia wake ukabaki nje na geti halifungiki. Akaitoa, akaizima, akaingia ndani kunawa. Tangu siku hiyo pikapu inalala nje, na hakuwahi kunisemesha juu yake.

Jirani yetu wa upande wa kulia ni mama mmoja mzee mwenye asili ya Lamu, aliyeishi Eastlands tangu alipoolewa. Katika zile kelele za kuvunja alipanda kigoda akachungulia juu ya ukuta, buibui limebanwa kidevuni.

"Mwanangu, mfereji umepasuka?"

"Hapana, mama. Tunatafuta udongo."

Akatazama chini, akatazama zile takataka tulizofunua: vipande vya vigae, nyaya, soli ya kiatu, mifuko ya plastiki, na chini yake udongo mweusi unaong'aa.

"Udongo wa hapa," akasema, "mkishaupata mtatamani kuurudisha."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ule udongo mweusi wa upande wetu ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukinyeshewa unakunyang'anya kiatu. Lakini mimi nilikuwa na haraka. Masika yalikuwa yanakaribia. Nikatoa takataka nilizoweza, tukazirundika pembeni pamoja na vifusi vya saruji, nikapanda miche ya sukuma wiki kwenye mistari mizuri iliyonyooka. Mvua ya kwanza ilinyesha, nikasimama dirishani nikifurahi. Mvua ya tatu ilinikuta nimenyamaza. Maji hayakwenda popote. Yalisimama pale mbele ya nyumba yakawa bwawa, na sukuma zangu zimezama mpaka shingoni. Vijana wawili wa mtaa walipita, mmoja akaweka kichwa juu ya geti.

"Niaje mathe," akanisalimu. "Unafuga samaki?"

Nilicheka naye, lakini nilipoingia jikoni nilijisikia vibaya. Majani yaligeuka manjano, mizizi ikaoza, na mvua ilipopungua nikabaki na uwanja wa matope uliotapakaa vijiti. Binti yetu, ambaye marafiki zake wa chuo walikuwa wanakuja kututembelea, aliniuliza kwa upole kama hatungeweza kurudisha saruji. 

Nilikuwa ninazoa vile vifusi ili vichukuliwe na mkokoteni nilipoona majani. Juu ya lile rundo la takataka na saruji, mahali ambapo sikupanda kitu, managu, zile mboga za majani ambazo wengine huziita mnavu, yalikuwa yameota yenyewe. Si mche mmoja, ni kichaka. Majani mapana, ya kijani kibichi kinachoelekea weusi, yenye afya kabisa. Nilichuchumaa hapo na sepetu mkononi nikayatazama. Rundo lilikuwa juu, maji yalikuwa yamepita chini yake. Basi.

Mtu wa mkokoteni alipokuja, nikamrudisha mikono mitupu. Vipande vya saruji nilivyotaka kutupa nikavipanga kuwa kingo, kimoja juu ya kingine, vikatengeneza matuta yanayofika magotini. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta nahangaika na kipande kizito, akakishika upande wa pili bila kusalimia. Kisha mwisho wa wiki akawasha pikapu, akaenda mpaka Ruai kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe, akarudi na samadi imejaa hadi juu, na safari nyingine akaleta udongo mwekundu. Ile pikapu ilinuka muda mrefu. Huko Eastleigh wenzake walimwambia amegeuka mkulima, naye akawaambia ni kweli.

Safari hii nilipanda pole pole. Sukuma na spinachi tuta la karibu na mlango, terere na saga, mboga zetu za kienyeji, katikati, kunde na mrenda mbele, nyanya pembeni ya ukuta unaotunza joto. Managu niliyahamisha kutoka rundoni nikayapa nafasi bora kuliko mimea yote. Maji ya kusuuza nguo na ya kuoshea mboga tukayawekea ndoo, kwa maana ya mfereji hayana uhakika. Wadudu walipokuja kwenye sukuma niliwanyunyizia maji ya sabuni, na kwa kunguru, mume wangu alitundika CD za zamani zikazungukazunguka na kumeta. Mama jirani alinipitishia juu ya ukuta kitawi cha mrehani na mche wa pilipili, akisema shamba lisilo na harufu ni kama nyumba isiyo na mgeni.

Managu ya mchumo wa kwanza niliyachemsha, nikayaweka maziwa, nikayaacha yalale kama mama alivyonifundisha. Kesho yake tulikula na ugali wa wimbi. Mume wangu alikula, akaongeza, akaongeza tena, akafuta sufuria na tonge la mwisho.

"Haya ni ya kwetu?" akauliza, ingawa aliniona nikiyachuma.

"Ni ya kwetu."

Akatikisa kichwa polepole. Hiyo ndiyo hotuba niliyopewa, na ilinitosha.

Nilianza kuamka mapema bila saa. Kabla ya kwenda Gikomba nilitoka na kikombe cha chai nikapita kati ya matuta, nikigeuza jani hili, nikichomoa gugu lile, miguu imelowa umande. Jioni niliporudi nimechoka na vumbi la marobota, niliweka mkoba kizingitini, nikachuma cha kupika kabla sijavua viatu. Niliona raha ya ajabu kufungua geti langu mwenyewe na kukuta kitu kimeongezeka tangu nilipolifunga.

Ni mahindi yaliyonitia matatani. Nilikuwa nimepanda mashina machache karibu na ua wa barabarani, yakarefuka yakapita geti, yakawa yanaonekana kutoka kona ya barabara. Mwenyekiti wa wakazi wa barabara yetu alikuja jioni moja. Ni mzee nadhifu aliyestaafu kazi ya ofisi, mwenye nyasi zilizokatwa sawasawa na maua ya waridi mbele ya nyumba yake. Alisimama getini, hakuingia.

"Madam, hujambo."

"Sijambo, mwenyekiti. Karibu ndani."

"Hapa panatosha. Madam, huu ni mtaa wa makazi. Mbele ya nyumba tunaweka nyasi na maua. Wenzako wamelalamika. Wanasema pamekuwa kama shambani. Jumapili tuna mkutano, tungependa uje tulizungumze jambo hili."

Alizungumza kwa heshima, hakuinua sauti. Lakini alipoondoka nililiacha geti wazi. Nilikaa kwenye ukingo wa tuta, na jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa ni wapi tutahamia. Nilianza kweli kuwaza mitaa, nikafikiria lori litapita wapi. Mama jirani, aliyekuwa amesikia yote akiwa upande wake wa ukuta, akaniita.

"Mwanangu, mbona umekaa kama mfiwa?"

"Wanataka nitoe mboga, mama."

"Wanataka. Na wasipopata watakufanya nini? Watakufukuza kwako?"

Nilimtazama. Nilirudia hilo swali moyoni, nikatafuta jibu kila upande, sikulipata. Hakukuwa na mtu wa kunifukuza. Niliinuka nikamwagilia kunde zangu.

Jumapili baada ya ibada tulikutana kwenye uwanja ulio mwisho wa barabara, watu na viti vyao vya plastiki. Mwenyekiti alieleza jambo vizuri, bila chuki. Bwana mmoja akasema mboga zinaleta mbu. Mama mmoja akasema nyoka. Mwingine akasema mtu akija kutafuta nyumba ya kununua huku, akiona mahindi, atageuza gari. Nilisimama nikasema nilichokuwa nimejiandalia: kwamba matuta yangu hayasimamishi maji, kwamba natunza usafi, na kwamba nyuma ya nyumba hakuna jua. Nilisikika kama mtu anayeomba. Nilikaa chini nikijichukia kidogo kwa ile sauti.

Ndipo mume wangu akasimama. Katika mikutano yote ya wazazi, ya harusi na ya mazishi, sijawahi kumwona akisimama.

"Mimi ndiye mwenye ile pikapu inayolala nje," akasema. "Inanyeshewa. Kioo cha pembeni kimeshagongwa. Nilikuwa na pahali pa kuiweka, mke wangu akapafanya shamba. Kama kuna mtu wa kulalamika hapa, ni mimi."

Akageuka akawatazama waliokaa nyuma.

"Silalamiki," akasema. "Nakula vizuri kuliko nilivyowahi kula. Nikitoka kazini nakuta mke wangu anaimba. Hiyo saruji hairudi."

Akakaa. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, si kwa dharau, na kicheko kikaenea. Mama jirani akasema kutoka kitini kwake kwamba kama ni kuuza nyumba, basi yeye yake haiuzi kwa mtu asiyejua kunde. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu, akakohoa, akaomba wanaokubali mboga zibaki wainue mikono. Mikono iliinuka, mmoja mmoja kwanza, halafu mingi. Niliyemwona waziwazi kabisa alikuwa mke wa mwenyekiti, ameketi ubavuni mwa mumewe, mkono wake umeinuka juu kama wa mtoto anayejua jibu.

Tulikubaliana jambo moja: mahindi yaliyoko kwenye ua wa barabarani yatolewe, maana yalikuwa yanawazuia madereva kuona. Hilo lilikuwa haki. Tuliyachoma wiki hiyo kwenye jiko la makaa nje ya geti, tukagawa kwa kila aliyepita, wakiwemo wale vijana wawili walioniuliza habari za samaki. Mmoja wao alirudi kwa hindi la pili.

Baada ya hapo, Jumamosi asubuhi, nilianza kusikia sauti ya chuma kikigonga saruji mahali fulani chini ya barabara. Wiki nyingine ikasikika upande wa pili. Watu walikuja kuazima mtaimbo wetu, na mume wangu akawa anatoka nao kuwaonyesha pa kuanzia, anarudi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi na mazungumzo mengi kuliko nilivyomzoea. Mke wa mwenyekiti alikuja kuomba miche ya managu. Nikampa. Baadaye kidogo alikuja mwenyekiti mwenyewe, safari hii akaingia ndani ya geti, akasimama kati ya matuta na mikono nyuma.

"Yale uliyompa mama watoto," akasema, "yanamwagiliwa asubuhi au jioni?"

"Asubuhi ni afadhali, mwenyekiti."

Alinishukuru, akainama akalitazama jani kwa karibu, akaenda zake. Mpaka leo yana nafasi yao kati ya waridi zake, na hukua vizuri, ingawa yeye huyakata sawasawa mno.

Mama yangu alikuja kutoka Kakamega msimu wa mavuno ya kunde. Sasa amezeeka, anatembea na fimbo. Hakuingia nyumbani kwanza. Alipita kwenye matuta yote, akashika majani, akaponda moja akanusa vidole, akachomoa magugu niliyokuwa nimeyaruka. Siku zote alizokaa nasi alikuwa nje tangu jua linapochomoza, leso kiunoni. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa kwenye ubao mimi na yeye tukichambua kunde, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari ya ugonjwa:

"Na hii mnairudisha lini?"

Sikumwelewa mara moja.

"Nyumba," akasema.

"Hatuirudishi, mama. Ni yetu."

Aliendelea kuchambua. Aliutupa uchafu upande, akaweka majani mazuri kwenye ungo, na baada ya muda akasema, "Basi pandeni mti." Alipomaliza kunde aliingia kulala mchana, akalala mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo Jumamosi baada ya yeye kusafiri tulinunua mche wa parachichi. Mume wangu alichimba shimo refu, akatoa tope lote jeusi, tukajaza samadi na udongo mwekundu. Yeye alishika mche, mimi nikafukia. Nikamwambia mche umelala upande. Akasema umesimama wima, ni macho yangu. Tukabishana hivyo, mikono yote imejaa udongo, mpaka kigoda cha upande wa pili kikalia na uso wa mama jirani ukatokea juu ya ukuta.

"Umelalia huku kwangu," akasema. "Uacheni hivyo hivyo."